Siku Tisa Bila Stima

Katika vijiji vya Nakuru umeme haukatiki, hupotea. "Stima zimepotea," husema mwenye nyumba, kana kwamba ni mbuzi aliyekata kamba na kwamba akitafutwa vyema vichakani ataonekana. Jirani naye hujibu kwa swali lile lile la miaka nenda miaka rudi: "Mna mshumaa?" Swali hilo ni la utu na ujirani mwema, wala halistahili kubezwa. Hata hivyo, limebeba dhana iliyoota mizizi katika fikra za wengi, wasomi kwa wakulima, kwamba kinachoondoka stima zikipotea ni mwanga na kinachoingia ni giza. Katika boma moja lililo juu ya Njoro, kwenye miteremko ya Mau, siku tisa za mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei 2024 zilidhihirisha kwamba giza ndilo lililokuwa dogo kuliko yote yaliyoingia.

Neno lenyewe lina safari yake. Katika kamusi za kale, stima ni meli iendayo kwa mvuke, ile iliyoyapokonya majahazi biashara ya pwani. Lilipopanda bara likavua ubaharia na kuvaa maana ya nguvu za umeme, na hadi leo Mkenya husema stima pale ambapo Mtanzania husema umeme. Kwa watu wa Nakuru neno hilo limerudi kwenye asili yake bila wenyewe kutambua. Kule Olkaria, upande wa Naivasha, mvuke unaofoka kutoka tumboni mwa ardhi umekuwa ukizungusha mitambo tangu 1981. Na Menengai, mlima ambao boma hili huutazama kila asubuhi ng'ambo ya bonde, ulianza kutoa umeme wake 2023. Stima ni mvuke tena. Umeme, kwa upande wake, ni ule mmweko utangulizao ngurumo. Jioni ya Alhamisi, tarehe 25 Aprili, umeme wa mbinguni uliufuata umeme wa nguzoni ukauzima, na mwanaisimu angeweza kusema kwamba ndugu wawili wa jina moja walikutana barabarani.

Mvua ya mawe si jambo geni kwenye miteremko hiyo. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka upande wa Ziwa Viktoria, hukutana na pepo zitokazo mashariki juu ya vilele vya Mau, na kufikia alasiri mawingu huwa yamejengeka kama maghorofa. Kwenye mashamba ya chai ya Kericho, upande wa pili wa milima hiyo, mawingu yaliwahi kurushiwa roketi katika miaka ya 1960 ili yasidondoshe mawe. Wakulima wa viazi na maharagwe wa Njoro hawajapata kuwa na roketi. Wao husikiliza tu. Kwanza huja ukimya, kuku wakaingia bandani wenyewe saa kumi kana kwamba magharibi imefika. Kisha sauti kama ya lori linalomwaga kokoto mahali pa mbali. Kisha kokoto zenyewe juu ya mabati. Siku hiyo ilidumu kadiri ya nusu saa. Ilipokoma, viazi vilivyokuwa vikitoa maua vilikuwa vimelala kifudifudi, sukuma wiki imebaki vijiti, na mawe meupe yamejaa kwenye matuta kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.

Kando ya barabara ulisimama mkaratusi, blugamu kwa ulimi wa wenyeji, ambao mwenye boma aliupanda kwa mkono wake mwaka aliooa. Uliangukia nyaya, nyaya zikaivuta nguzo, na nguzo hiyo, ambayo nayo ilikuwa blugamu iliyotiwa dawa, ikakatika katikati. Huko juu penye transfoma palionekana mwanga wa samawati, kisha hapakuonekana kitu. Tawi jingine lililirukia tangi la maji la lita 5,000 lililokuwa ubavuni mwa jikoni, likalipasua kuanzia shingoni hadi kiunoni. Hakuna mtu aliyeumia. Mama alizihesabu roho za nyumbani, kisha za zizini, akashukuru, akaingia ndani kutafuta kibiriti.

Hapa ndipo msomaji wa mjini hungoja masimulizi ya giza, nayo kwa kweli ni mafupi. Taa ya chemni ilikuwepo juu ya kabati, kioo chake kikiwa kimeingia ukungu wa miaka minane, lakini mafuta hayakuwemo. Tangu kodi ya mafuta ya taa ipandishwe Septemba 2018 ili kuwazuia wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli, wenye vioski vingi waliacha kuyauza. Mtoto aliyetumwa dukani alirudi na mishumaa miwili. Usiku huo walikula ugali kwa maziwa, wakalala mapema. Kama ingalikuwa ni giza tu, kisa kingalikomea hapo.

Boma hilo liliunganishiwa umeme 2016, wakati serikali ilipokuwa ikitekeleza mpango, uliozinduliwa mwaka uliotangulia, wa kuzifikishia nyaya nyumba zilizo jirani na transfoma na kuipunguza ada kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Katika mwaka wa kwanza taa ndizo zilizosifiwa. Wageni walionyeshwa swichi. Lakini taratibu, pasi na mtu kutangaza, nyaya ziliacha kuwa za taa zikawa za kazi. Kwanza mradi wa maji wa kijiji ulifunga pampu ya umeme kwenye kisima chake, na bomba likafika uani. Kisha baba akanunua mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, na mzigo wa nepia uliokuwa ukimalizwa kwa panga kwa zaidi ya saa nzima ukawa unamalizwa kwa dakika kumi. Mwishowe likaja jokofu dogo la mtumba, na kwa jokofu hilo maisha ya mama yakabadilika kuliko yalivyobadilishwa na taa zote nne.

Hilo la jokofu lahitaji kufafanuliwa, kwa sababu ndani yake mna uchumi mzima ambao aghalabu hauandikwi popote. Katika maboma mengi ya wafugaji wa nyanda hizi, maziwa ya asubuhi ni ya chama cha ushirika. Hupimwa, huandikwa kitabuni, na mwisho wa mwezi malipo huingia katika akaunti yenye jina la baba. Maziwa ya jioni ni ya mama. Zamani yalikuwa ya nyumbani kabisa: ya watoto, ya ndama, ya jirani aliyejifungua. Hayakuuzika, maana gari la ushirika huja alfajiri tu, na maziwa mabichi hayalali. Jokofu liliyalaza. Kila alfajiri mama aliyatoa yakiwa baridi na kumpelekea mwenye mkahawa wa chai pale kituoni, naye alimlipa taslimu, mkononi. Pesa hizo hazikuwa nyingi. Zilinunua chumvi na sabuni, zililipa michango ya chama cha akina mama, na katika mwaka huo wa 2024 zilikuwa zikikamilisha karo ya binti aliyekuwa kidato cha nne. Kwa ufupi, zilikuwa pesa pekee katika boma hilo ambazo matumizi yake hayakuombewa ruhusa.

Maziwa ya Alhamisi yalisalimika, kwa kuwa jokofu lilikuwa bado na ubaridi wake. Ya Ijumaa yalitoka Jumamosi alfajiri yakiwa na harufu ambayo mama hakutaka kuikiri. Aliyapeleka. Mwenye mkahawa aliyatia sufuriani pamoja na majani ya chai, na yalipokaribia kuchemka yakakatika, vibonge vikaelea juu mbele ya wateja watatu. Hakufoka, alimwambia tu, "Mama, tungoje stima zirudi." Stima zilikuwa zimekatika, maziwa yakakatika, na biashara nayo ikakatika papo hapo.

Mambo yote matatu, maji, majani na maziwa, yaliangukia mikono ile ile. Baba hakuwa mvivu, wala haifai kumsawiri hivyo ili hoja inoge. Kwa siku mbili alishinda na msumeno akiukata ule mkaratusi kuifungua barabara, na jioni alikuwa kwenye mikutano ya wanaume iliyojadili nguzo: nani apige simu tena, nani azungumze na chifu, nani atoe blugamu nyingine endapo mafundi watakuja mikono mitupu. Kijana wao wa miaka ishirini alikuwa mjumbe wa simu. Kila asubuhi alikusanya simu za maboma matano, akazitia mfukoni, akashuka nazo hadi Njoro mjini ambako umeme ulikuwepo, akazichaji kwa kinyozi, akarejea saa tisa. Alijua kwa moyo nambari ya malalamiko waliyopewa na shirika husika. Zilikuwa kazi za haki na zilihitajika. Lakini zilikuwa kazi za kurudisha stima. Kazi za kuishi bila stima, hadi zirudi, hazikujadiliwa mkutanoni. Hakuna aliyezigawa, zilijigawa zenyewe.

Ng'ombe wa maziwa hunywa maji mengi. Wa boma hilo ni watatu, na kwa makadirio ya mama mwenyewe kila mmoja hunywa mitungi mitatu ya lita 20 kwa siku. Hiyo ni mitungi tisa. Ya matumizi ya nyumbani yalikingwa kwa mabeseni chini ya ukingo wa paa, kwani mvua haikukoma kabisa, lakini mabeseni hayanyweshi ng'ombe. Kijito kinachoumiminia mto Njoro maji yake kiko chini, kama mita mia sita hivi, kwenye mteremko ambao juma hilo ulikuwa utelezi mtupu na ambao ng'ombe mwenye mimba hangeweza kushushwa. Wako watu wa punda waletao maji kwa mkokoteni. Siku mbili za kwanza walilipwa, siku ya tatu bei yao ikapanda maradufu, maana kijiji kizima kiliwahitaji, na pesa za kuwalipa zilikuwa zimekatika pamoja na maziwa. Tangu hapo walioshuka kijitoni ni mama na binti yake.

Fasihi yetu imewadhulumu wasichana wanaokwenda mtoni. Tangu shule ya msingi mwanafunzi hukutana nao katika insha na mashairi, wameweka mitungi vichwani, wanaimba, wanatembea kwa madaha, mbalamwezi ikiwamulika. Ni nadra mwandishi kukumbuka kwamba maji ya lita 20 yana uzito wa kilo 20 hata katika ushairi. Binti huyu, aliyekuwa mtahiniwa, alikuwa na tabia ya kuhesabu. Nyuma ya daftari lake la Hisabati alichora mstari mmoja kwa kila mtungi, na kila mstari wa tano akaulaza juu ya wenzake. Mwishoni mistari ilifika 63. Ukizidisha unapata kilo 1,260, tani moja na ushei, iliyopandishwa mlimani na watu wawili. Hilo ni kando ya nepia, ambayo sasa ilikatwa kwa panga juu ya gogo asubuhi na jioni, hadi mama akaanza kuufunga mkono wake wa kulia kwa kitambaa.

Jumapili alasiri jirani wa ng'ambo ya ua alikuja. Ni bibi wa Kikipsigis ambaye watoto wa pande zote mbili humwita Kogo, yaani nyanya, kwa lugha yake. Alikuta ndama wakinyweshwa maziwa ambayo hawakuyahitaji, mmoja akiwa ameanza kuhara, na mtungi mwingine wa maziwa ukingoja kumwagwa. Alisonya. Akauliza kwa nini maziwa mazima yamwagwe kama maji ya kuoshea vyombo. Mama alieleza habari za jokofu. Kogo alisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akasema kwamba yeye hajapata kuwa na jokofu, wala maziwa yake hayajapata kumwagwa.

Jioni hiyo mama alivuka ua na maziwa yake. Kibuyu kilikuwa kimeoshwa na kukaushwa. Kogo alichukua kijiti cha mti uitwao senetwet, akakichoma hadi kikawa kaa, akakiingiza ndani ya kibuyu na kukisugulia ukutani, akakung'uta majivu, akarudia tena na tena hadi ndani kukawa na unga mweusi laini unaonukia moshi. Maziwa yalichemshwa, yakaachwa yapoe kabisa, yakamiminwa, kibuyu kikafungwa na kuwekwa mahali pa baridi penye giza. Hayo ndiyo yatokayo baada ya siku kadhaa yakiwa mursik, maziwa ya rangi ya majivu ambayo Wakenya wengi huyaona tu kwenye televisheni, wanariadha wanapolakiwa wakirudi na medali. Katika runinga mursik ni ishara ya utamaduni. Kwenye boma la Kogo ni jokofu. Kabla haijawa ishara ya chochote ilikuwa njia ya kuyalaza maziwa, na pengine wanafunzi wa utamaduni wetu wangefanya vyema kuanzia hapo.

Mama alitazama yote hayo akiwa kimya, kisha akasema kwamba nyanya yake pia, kule Nyandarua, alikuwa na vibuyu, vikining'inia jikoni. Yeye alilelewa wakati wa madebe ya plastiki. Hakumbuki hata mti uliotumika.

Lazima isemwe kwamba kuvuka ua huo si jambo jepesi kama linavyosimuliwa hapa. Januari 2008 sehemu hizo za Njoro ziliwaka moto. Usiku, watu walizima taa zao kwa hiari, kwa kuwa taa ilimwonyesha adui pa kuja, na wengine walilala kwenye mahindi huku wakiwaziba watoto vinywa. Familia ya mama iliishia katika kambi ya uwanja wa maonyesho mjini Nakuru. Waliporejea walikuta ng'ombe wawili kati ya wanne, na hakuna aliyeuliza wala aliyeeleza. Kwa miaka kadhaa baadaye kilichowakutanisha wanawake wa pande mbili ni kijito, kwa sababu kiu haina kabila. Bomba la mradi lilipofika uani, kijito kilisahauliwa, nao wakabaki kusalimiana kwa mbali, kila mmoja akiwa na maji yake. Haisemwi hivi ili bomba lilaumiwe. Mtu aliyebeba mtungi hawezi kuambiwa kwamba mtungi wake ni mshikamano wa jamii. Inasemwa tu kwamba jioni ile ya Jumapili ilikuwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, mama kukaa jikoni kwa Kogo hadi moto ukafifia.

Jumatatu, tarehe 29, redio ndogo ya betri ilitangaza habari za Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia siku hiyo, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli kuukuu yalilipasua na kushuka kwa kishindo juu ya makazi ya watu waliolala. Kufikia jioni waliothibitishwa kufariki walizidi arobaini, na wengine wengi hawakuwa wameonekana. Ilikuwa ni katika kaunti hii hii ya Nakuru. Wazee walikumbuka Solai, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba moja lilipopasuka na kuua watu karibu hamsini. Katika boma la Njoro watu walinyamaza kuizunguka redio. Baba alisema, "Sisi tumepigwa kofi tu." Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na ya kumshukuru Mungu, na kuanzia hapo mama hakutaja tena mkono wake. Nani angethubutu kulalamikia pampu na mashine ya majani ilhali watu wa kaunti yake walikuwa wakichimbua maiti matopeni?

Lakini ndivyo taabu ndogo zinavyopotea katika kumbukumbu za nchi. Hazipotei kwa kuwa si za kweli. Hupotea kwa kuwa daima kuna kubwa zaidi siku hiyo hiyo. Giza lenyewe lina vyeo. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, na nchi ikazimika. Tumbili akapona na jina lake likaizunguka dunia nzima. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 nchi ilizimika tena, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaguswa, na waziri akasimama kuomba radhi. Giza la namna hiyo huwa na tarehe, huwa na sababu, huwa na wa kuulizwa. Transfoma moja juu ya Njoro ikiungua haina tarehe. Mafundi nao walikuwa na udhuru wao, maana juma hilo nguzo zilikuwa chini kila mahali na barabara zimekatika. Usiku, kutoka uani, taa za Nakuru zilionekana bondeni zikimetameta. Mji ule umekuwa jiji tangu Desemba 2021, na ukiutazama kutoka juu gizani huwezi kuamini kwamba umo katika kaunti moja nawe.

Binti alikuwa na hesabu nyingine. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu hiyo hiyo ya tarehe 29. Alfajiri ilitangazwa kwamba zitafunguliwa juma moja baadaye kwa sababu ya mafuriko. Ijumaa, tarehe 3 Mei, ikatangazwa kuwa ufunguzi umeahirishwa hadi itakapotangazwa tena. Hatimaye zilifunguliwa tarehe 13. Kwa mwanafunzi wa kutwa aliye na umeme na bomba, hizo ni siku kumi na nne za ziada za kudurusu. Kwa huyu zilikuwa mitungi. Alijaribu kusoma saa mbili usiku kwa mshumaa, kichwa kikianguka kwenye ukurasa; alijaribu saa kumi alfajiri, na saa kumi na moja akaitwa kukamua, maana mkono wa mama ulikuwa umevimba. Hakukataa. Aliuliza mara moja tu, siku ya sita, akiwa ameshika panga la nepia, kwa nini simu zisishushwe Njoro siku moja kwa mbili, kaka yake abaki. Swali hilo lilizagaa jikoni kama moshi. Baba aliikuna ndevu zake. Kesho yake kijana alibeba mitungi minne kabla ya kwenda mjini, naye alipoutua wa nne aliketi juu yake, akashusha pumzi, akasema, kwa mshangao usio na mzaha wowote, kwamba hakujua kijito kiko mbali kiasi hicho.

Mafundi walifika Jumamosi, tarehe 4 Mei, kukiwa na jua kali kana kwamba mvua haijapata kunyesha. Wanaume wa kijiji walisaidia kusimamisha nguzo. Saa kumi jioni redio ya ukutani, ambayo hakuna aliyekuwa ameizima siku ile ya mawe, iliropoka ghafla ndani ya nyumba tupu, na watoto wakapiga vigelegele kutoka boma hadi boma, mlima mzima. Baba aliwasha televisheni kutafuta habari za mafuriko. Kijana alichomeka simu yake, ya kwake peke yake. Mama hakuwasha taa. Alikwenda bandani, akarundika nepia, akabonyeza swichi ya mashine, akasimama akiitazama ikila majani, mkono uliofungwa kitambaa ukiwa umeegemea nguzo.

Jokofu lilinuka, liliachwa wazi hadi Jumatatu. Kibuyu cha kwanza kilifunguliwa siku iliyofuata mafundi, na ladha yake iliwagawa watu wa nyumba hiyo: baba alikunywa vikombe viwili, kijana akatema. Mwenye mkahawa alirudi kununua maziwa ya jioni, ila si yote kama zamani, kwa kuwa lita tatu sasa huvuka ua kila Jumapili. Mama amepanda senetwet miwili nyuma ya choo.

Binti yeye alioga kwa maji ya bomba, akala, akafungua daftari mahali palipokuwa na mistari, akaligeuza upande wa pili kwenye milinganyo aliyokuwa ameiacha siku ya mvua. Saa moja unusu alikuwa amelala mezani, shavu juu ya ukurasa, taa ikimwakia kichwani, na hakuna aliyekwenda kuizima.